"Magazine": kwanza uliza kilichohifadhiwa ndani

Neno la Kiingereza "magazine" huwakwaza wafasiri wengi kwa sababu maana zake zinaonekana hazina undugu: jarida, kifaa cha kuwekea risasi, ghala la baruti. Undugu upo, tena Mswahili anaweza kuuona haraka kuliko Mwingereza mwenyewe, maana shina la neno hilo tunalo sisi pia.

Kwa Kiarabu, khazana ni kuweka akiba, kuhifadhi. Herufi za shina ni kh-z-n. Kiarabu hutanguliza ma- kutaja mahali pa kitendo. Ndiyo maana tuna darasa na madrasa, hukumu na mahakama, kitabu na maktaba. (Hiyo si ma- ya wingi, kama ya magari.) Kwa kanuni hiyohiyo, makhzan ni ghala, na wingi wake ni makhazin. Kutoka shina hilo sisi tulipokea khazina, tukalainisha kh kuwa h kama tulivyofanya kwenye habari na hatari, tukapata hazina, kisha mhazini. Waitalia hawana sauti ya kh, wakaweka g: magazzino. Wafaransa wakasema magasin, na katika karne ya 16 Waingereza wakalipokea likiwa bado ni ghala tu. Wahispania walilibeba pamoja na al-, kiambishi cha Kiarabu kinachotanguliza nomino: almacén.

Jarida lilitokeaje basi? Mwaka 1731, Edward Cave wa London alianza kuchapa The Gentleman's Magazine kila mwezi. Ndani yake aliweka habari, insha, mashairi, bei za bidhaa, orodha za walioolewa na waliofariki. Lilikuwa ghala la maandishi, na jina lilikusudiwa hivyo. Samuel Johnson, aliyewahi kuliandikia, alipotoa kamusi yake mwaka 1755 alitanguliza maana ya ghala, kisha akaeleza kwamba siku hizo neno limeanza kutumika kwa chapisho, kutokana na lile la Cave.

Kwenye bunduki, ghala limekuwa magazini, kisanduku chenye springi inayosukuma risasi juu. Ile ya Lee-Enfield, bunduki ya askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki) katika Vita Kuu ya Pili, ilichukua risasi 10, zikijazwa kwa vibanio viwili vya risasi tano tano. Kibanio hushika risasi tu, hakina springi. Usikiite magazini.

Unapofasiri, tazama majirani wa neno. Likiandamana na mhariri, toleo au usajili, ni jarida. Likiandamana na springi au idadi ya risasi, andika magazini, kama polisi wetu wanavyosema. Likiwa kwenye meli au ngome, ni ghala la baruti au la risasi. Habari za HMS Hood, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama Mei 24, 1941 baada ya ghala lake la nyuma kulipuka na kuua watu 1,415, zikifasiriwa bila uangalifu zitasema jarida lililipuka. Hilo ni kosa la kuumiza, kwa sababu linawafuta waliokufa.

Jihadhari pia na Kifaransa. Huko magasin ni duka la kawaida, na jarida huitwa magazine, neno walilokopa tena kutoka Kiingereza. Msomaji wa Lubumbashi aliyesoma kwa Kifaransa akikutana na "magazini" anaweza kufikiria duka. Kwake andika "kisanduku cha risasi".