Unene uliokithiri: kabla ya kumlaumu mtu, tazama bei na muda

Kila inapofika Machi 4, Siku ya Unene Uliokithiri Duniani, sisi wa lishe huulizwa swali lile lile: kwa nini watu wasiambiwe tu wapunguze kula? Wameambiwa, tena kwa miongo mingi. Pamoja na hayo, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, unene uliokithiri kwa watu wazima umeongezeka zaidi ya mara mbili tangu 1990, na kwa vijana wa umri wa balehe umefika mara nne. Mwaka 2022, mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa katika hali hiyo. Haiwezekani mataifa yote yawe yameingiwa na ulafi kwa mpigo ndani ya kizazi kimoja.

Nifafanue kipimo cha unene, kiitwacho BMI, maana hapo ndipo ubishi huanzia. Chukua uzito kwa kilo, ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 87 mwenye urefu wa mita 1.70 anapata takribani 30.1. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Pima bila viatu, mifuko ikiwa mitupu. Watoto na vijana husomwa kwa chati za umri na jinsia, na mjamzito hatumiwi hesabu hii. Kwa kuwa kipimo hiki hakitenganishi misuli na mafuta, mzunguko wa kiuno upimwe pia.

Sasa sababu zenyewe. Ya kwanza ni bei. Vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, yaani vya kiwandani kama soda na biskuti, hukaa muda mrefu bila kuharibika, havihitaji kupikwa, na mara nyingi hushibisha kwa gharama ndogo kuliko mboga, matunda au samaki. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha jaribio la watu wazima 20 waliolazwa wodini. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vya aina hiyo, na kwa wiki mbili nyingine vyakula vya asili. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi katika milo iliyoandaliwa vililinganishwa, na kila mmoja aliruhusiwa kula atakavyo. Walipopewa vilivyosindikwa walikula takribani kilokalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Watu hawakubadilishwa, kilichobadilika ni sahani. Anayerudia kwamba shida ni kukosa nidhamu tu, naomba alitafakari jaribio hilo kwanza.

Ya pili ni muda, nayo huzungumzwa kidogo mno. Anayefanya kazi zamu mbili, akasafiri saa nyingi na kulala kidogo, hana nafasi ya kuchambua na kuchemsha. Usingizi mfupi nao huongeza njaa. Kazi za mikono zimechukuliwa na mashine, miji imejengwa kwa ajili ya magari, na mahali pengine kutembea jioni ni kujiweka hatarini. Huku kukaa bila kuushughulisha mwili tunakuita tabia bwete, jina ambalo mimi binafsi silipendi, kwa sababu linamtwika mtu lawama ya barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu.

Wengi bado wanaamini unene ni ugonjwa wa matajiri. Katika nchi maskini mara nyingi huanzia kwao, ni kweli. Lakini kipato cha taifa kinavyopanda, mzigo huhamia kwa wenye kipato cha chini, na kwa kawaida wanawake hutangulia. Nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama mwenye unene uliokithiri. Zote mbili ni sura za utapiamlo.

Kuhusu sheria za kodi ya sukari na alama za pakiti, malalamiko mengi yanatokana na kutozisoma. Ushuru wa Uingereza wa vinywaji vyenye sukari, ulioanza Aprili 2018, hutozwa mtengenezaji au mwagizaji wa kinywaji. Ulipoanza, chini ya gramu 5 za sukari kwa mililita 100 hakukuwa na ushuru. Kuanzia 5 kulikuwa na kiwango cha chini, na kuanzia 8 kiwango cha juu. Juisi halisi isiyoongezwa sukari haikuguswa. Ngazi hizo ziliwekwa makusudi, na watengenezaji wengi walipunguza sukari hata kabla ya siku ya kuanza. Meksiko ilitangulia Januari 2014 kwa peso moja kwa lita. Chile, kuanzia Juni 2016, iliamuru alama nyeusi ya pembe nane kwenye pakiti yenye sukari, chumvi, mafuta mabaya au nishati kupita kiwango, na viwango vikakazwa tena 2018 na 2019. Bidhaa yenye alama hiyo haiuzwi shuleni wala haitangazwi kwa watoto chini ya miaka 14.

Sidai kwamba kodi peke yake inatosha. Wapo wanaosema inamuumiza maskini, na hoja hiyo ina uzito, kwani ndiye anayetumia sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kwa chakula. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtunga sera ni fedha zinakwenda wapi. Uingereza, mwanzoni, zilielekezwa kwenye michezo na kifungua kinywa cha wanafunzi shuleni.