Je, wajua kwa nini asteroidi hucheleweshwa badala ya kulipuliwa?

Kwa miaka mingi, kila nilipoulizwa na wapwa zangu hapa Moshi dunia itajikinga vipi jiwe kubwa la angani (asteroidi) likiielekea, nilijibu bila kusita kwamba litapigwa bomu la nyuklia lisambaratike. Jibu hilo lilikuwa na kasoro. Jiwe likivunjika vipande vyake havipotei. Visiposukumwa vya kutosha huendelea na njia ileile, na kilichokuwa risasi moja hugeuka kuwa marisau.

Kosa langu kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa kudhani kwamba ni lazima jiwe lenyewe liondolewe njiani. Dunia haijatulia: hulizunguka Jua kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde, na kwa dakika 7 tu huwa imesogea umbali sawa na kipenyo chake. Chukua basi litokalo stendi ya Moshi kwenda Arusha, na kundi la ng'ombe litakalovuka barabara pale Usa River. Dereva akipunguza mwendo kidogo tu tangu Boma Ng'ombe, atafika ng'ombe wa mwisho keshavuka, atakuta vumbi na samadi; akikumbuka akiwa Maji ya Chai, itambidi akanyage breki hadi abiria waanze kumsomea dua. Vivyo hivyo, asteroidi iliyobadilishiwa kasi kwa sentimita 2 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mdudu atambaaye ukutani, itakuwa mbali na pale ambapo ingekuwa kwa zaidi ya kilomita 6,000 baada ya miaka 10, na hiyo ni karibu nusu ya kipenyo cha Dunia.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Tarehe 26 Septemba 2022, chombo cha NASA kiitwacho DART kiligonga kwa makusudi Dimorphos, jiwe la mita 160 hivi lisilotishia mtu, linalozunguka jiwe kubwa zaidi, Didymos. Mzunguko uliochukua saa 11 na dakika 55 ulipungua kwa takriban dakika 33. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya msukumo haikutoka kwenye chombo, bali kwenye kokoto zilizoruka kuelekea kilikotoka, kama bunduki inavyompiga teke mpigaji.

Hapo ndipo tahadhari inapohitajika, kwa sababu Dimorphos ni kama rundo la kifusi. Jiwe la chuma kitupu, mfano wa Kimondo cha Mbozi, halitazamiwi kutema kokoto kwa ukarimu huo, na bado hakuna lililogongwa kwa jaribio la namna hii.