Kumhukumu Mwana Kupona: dhana tunazobeba na ukweli wake

Siku hizi ukitaja tu Utendi wa Mwana Kupona, lile shairi refu la zamani la mama akimuusia bintiye, watu wanagawanyika papo hapo, kuna wanaosema huyu mama aliwauza wanawake wenzake kwa waume zao, na kuna wanaosema ukimgusa umetukana mila. Mimi nimesomesha fasihi sekondari miaka kadhaa na huu utendi naupenda tangu utotoni, nyanya yangu alikuwa ameuhifadhi vipande vipande akawa anauimba akisuka ukili. Kwa hiyo inaniuma, maana naona pande zote mbili zinamgombania mtu ambaye hazijamsoma hadi mwisho.

Dhana: alikuwa mwanamke wa ndani tu, hana elimu, alikariri alichofundishwa na wanaume.

Hapana jamani. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka mtawala wa Siyu, mji wa kisiwa hicho hicho cha Pate, yule yule aliyemsumbua Sayyid Said wa Zanzibar miaka na miaka asikubali kuwekwa chini. Mumewe alifariki 1856, na yeye akatunga utendi huu mwaka 1275 wa Hijria, yaani kama 1858 hivi, akiwa mgonjwa, anasema mwenyewe maradhi yamemshika mpaka yametimu mwaka. Halafu angalia anavyoanza, anamwita bintiye Mwana Hashima aje mbele akae "na wino na karatasi". Wino na karatasi! Mama anamwambia binti aandike, katikati ya karne ya 19, kisiwani Pate. Na mwishoni anataja jina lake, la baba yake, mji aliozaliwa na mwaka aliotunga, mambo ambayo washairi wanaume wengi wa zamani hawakuyaacha wazi hivyo mpaka leo tunabishana nani alitunga nini. Huyo si mtu aliyekaririshwa.

Dhana: utendi wote ni "mtii mume".

Si wote. Sehemu ya mume ipo, tena ni nzito, siifichi: anasema mtu anahitaji radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, na kwamba siku ya kufufuliwa mume ndiye ataulizwa anataka mkewe atendewe nini. Nikisoma hapo mimi mwenyewe moyo unakaza, na sitaki mtu aniambie nisikaze. Lakini kuna adabu za kuishi na watu, na sehemu kubwa ya mwisho ni dua, mama anayejua anakufa anawaombea watoto wake na ndugu zake na anajiombea apone. Ukimsoma kama kitabu cha sheria za ndoa unamkosa kabisa, hii ni wasia, mama mmoja mgonjwa na binti mmoja ambaye karibu atabaki peke yake kwenye nyumba ya watawala.

Kuna kijistari kimoja kinachogombaniwa sana na wasomi. Anamwambia binti kuhusu mume: "Mtunde kama kijana asioyua kunena", yaani mtunze kama mtoto ambaye hajajua kusema. Wapo waliosema hapa mama anamfundisha binti siri, kwamba huyo bwana unayemnyenyekea ukweli ni kama kitoto, wewe ndiye unayeendesha nyumba, na kwamba utii wote ule ni lugha ya mafumbo. Wengine wanasema acheni kumpamba, alimaanisha alichosema. Mimi nilivyokuwa nasomesha nilikuwa nasapoti wa kwanza moja kwa moja, siku hizi naona mambo yote mawili yamo, kwa sababu nimeona mama zetu kabisa wakifanya hivyo, anamwitikia mzee "naam" huku pesa, mipango na posa za watoto zote ziko mkononi mwake, na bado akiulizwa atakwambia kwa dhati kwamba radhi ya mume ni pepo. Hakuna unafiki hapo, anayaamini yote.

Dhana: usimhukumu kwa vigezo vya leo, zamani watu wote waliwaza hivyo.

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Kwanza mtu hausii jambo ambalo kila mtu tayari analifanya, mama akikazania utii namna hiyo ina maana wapo waliokuwa hawatii. Pili mwangalie Sayyida Salme, binti wa huyo huyo Sayyid Said, kazaliwa 1844, pwani hii hii na karne hii hii. 1866 anatoroka Zanzibar, anaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, anaenda kuishi Hamburg. Alivunja kila kitu ambacho Mwana Kupona alimuusia bintiye. Halafu 1886 akatoa kitabu cha maisha yake na ndani yake akautetea utumwa wa kwao! Sasa niambie huyo tumuweke wapi, wa zamani au wa kisasa?

Na hapo kwenye utumwa ndipo tunapokimbia sote. Tunapigana kuhusu mume na mke tunaruka ubeti unaosema "sitangane na watumwa illa mwida wa khuduma", usichanganyike na watumwa ila wakati wa kutumikiwa, kwa sababu watakuvutia aibu. Nimeona mpaka wanaomtetea Mwana Kupona kama mwanamke jasiri wanaupita huo ubeti kimya, na wanaomlaani kama adui wa wanawake nao kimya, kana kwamba kwenye nyumba ile hakukuwa na wanawake wengine, wale waliokuwa wakitwanga na kuchota maji.

Mtu akiniambia "wakati ule utumwa haukuonekana kosa" namuuliza, haukuonekana na nani? Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873, na huku pwani ya Kenya utumwa ulikuja kufutwa kisheria 1907, lakini watumwa wenyewe hawakusubiri tarehe hizo. Walitoroka. Watoro walijenga vijiji vyao, Fuladoyo huko bara ya Kilifi ni kimoja, na wengine walikimbilia Witu, ambako Sultani Ahmed Simba, Mnabahani wa ukoo wa wafalme wa Pate, aliwapokea, na Witu siyo mbali na Siyu, ni ng'ambo tu. Mtumwa aliyeogelea au kuiba mtumbwi usiku hakuhitaji vigezo vya leo kujua kwamba anadhulumiwa, alikuwa na vigezo vyake, na yeye pia ni "mtu wa wakati ule". Tukisema zamani wote waliwaza vile tunamaanisha wale waliokuwa na wino na karatasi.

Dhana: ukimkosoa unataka afutwe.

Mimi namkosoa na bado nasema afundishwe, tena mzima mzima, sio zile beti chache zinazochaguliwa za kusomewa bibi harusi. Kumsoma nusu ndiyo kumfuta.

Mwaka jana nilianza kumsomea binti yangu, ana miaka kumi na nne, nikimfafanulia Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, taratibu. Zile beti za ugonjwa alilia. Za mume alibishana nami saa nzima na nikamuacha abishane. Tulipofika kwenye watumwa alinyamaza kidogo akaniuliza, "Mama, na wao walikuwa wanaitwa nani?" Tukatafuta pamoja ubeti kwa ubeti mpaka mwisho, Mwana Kupona yupo, Mshamu yupo, Pate ipo, mwaka upo.