Gitea na docker-mailserver: yanayosemwa na yaliyo kweli

Unataka Gitea (programu ya kuhifadhi miradi ya Git kwenye seva yako) itume barua pepe kupitia docker-mailserver (seva ya barua inayoendeshwa ndani ya Docker)? Haya ndiyo utakayoambiwa, na ukweli wake.

"Zote ziko kwenye mashine moja, weka localhost."
Ndani ya kontena la Gitea, localhost ni kontena hilohilo, na humo hakuna Postfix, programu ya docker-mailserver inayopokea na kutuma barua. Utakataliwa kabla hata ya kuulizwa nywila. Makontena yote mawili yawe kwenye mtandao mmoja wa Docker, ndipo yatafutane kwa majina.

"Basi jina la kontena linatosha."
Hapa wengi hukwama, wakabaki kubadilisha nywila bure. Ukiandika `SMTP_ADDR = mailserver`, seva itapatikana, ila cheti chake cha TLS (usimbaji wa mawasiliano) kimetolewa kwa mail.example.com. Gitea hulinganisha majina, hukata mawasiliano, na kwenye logi huacha mstari unaotaja `x509`, yaani kosa la cheti. Wapo wanaowasha `FORCE_TRUST_SERVER_CERT` ili kelele ziishe. Hapo cheti hakikaguliwi tena. Afadhali uipe seva ya barua jina la pili kwenye compose.yaml, faili linalopanga makontena:

```
services:
  mailserver:
    networks:
      ndani:
        aliases:
          - mail.example.com
```

Kisha kwenye app.ini, faili la mipangilio ya Gitea:

```
[mailer]
ENABLED = true
PROTOCOL = smtps
SMTP_ADDR = mail.example.com
SMTP_PORT = 465
USER = git@example.com
PASSWD = `nywila`
FROM = git@example.com
```

Alama hizo zinazoizunguka nywila ziache. Bila hizo, nywila yenye # au ; inaweza kusomwa nusu.

"465 au 587, yote sawa."
Poti 465 husimba tangu mwanzo. 587 huanza wazi, kisha huhamia TLS, kwa hiyo hutaka `smtp+starttls`. Poti 25 waachie wanaoleta barua kutoka nje.

"PERMIT_DOCKER=network inaokoa muda, huhitaji akaunti."
Inaokoa muda wa watuma taka pia. Mpangilio huo wa docker-mailserver huruhusu anwani za mitandao ya Docker kutuma bila nywila. Docker ikipitisha wageni wa nje kwa anwani ya lango lake la ndani, Postfix huwaona ni wenyeji, na IP yako huishia kwenye orodha nyeusi. Bakiza `none`, ufungue akaunti:

`docker exec -ti mailserver setup email add git@example.com`

"FROM ni pambo tu."
Ukiwa na `SPOOF_PROTECTION=1` kwenye docker-mailserver, Postfix hukataa anwani isiyo ya aliyeingia, kwa kosa la 553. Unataka noreply@? Ifanye lakabu ya akaunti ileile:

`docker exec -ti mailserver setup alias add noreply@example.com git@example.com`

"Barua ya majaribio imefika, kazi imekwisha."
Imefika kwako, kwenye seva yako mwenyewe. Jaribu sanduku la nje: huko utaulizwa SPF (rekodi ya DNS inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako), rekodi ya PTR (inayotoa jina la IP yako), na DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua), ambayo ufunguo wake huzalishwa kwa `docker exec -ti mailserver setup config dkim`, kisha huchapishwa kwenye DNS. Na watumiaji wasipopata taarifa za issue (hoja zinazofunguliwa kwenye mradi), tazama `[service]` kwenye app.ini: `ENABLE_NOTIFY_MAIL` huwa `false` mpaka uibadilishe mwenyewe.