Kutoa Ufunguo Hakukati Umeme wa Betri

Mjini Lubumbashi, wengi wenye magari ya safari yenye kitanda na friji ndogo huamini kwamba ufunguo ukishatolewa, betri imepumzika. Sivyo. King'ora, saa, redio na kitambuzi cha gesi huendelea kunyonya umeme. Miliampea 50 tu hula ampea-saa 1.2 kwa siku, hivyo betri ya ampea-saa 60 hupoteza nusu ya chaji yake kwa siku 25 hivi, na betri ya risasi iliyoachwa tupu huota fuwele za salfeti kwenye bamba zake hadi isipokee tena chaji vizuri.

Dawa ni swichi kuu ya kukata umeme wa betri, ambayo kwa kawaida hufungwa kwenye waya wa hasi, karibu na betri, nayo iweze kubeba mkondo wa kuwashia injini, unaofika mamia ya ampea. Swichi ya taa, ambayo baadhi ya watu huiona inatosha kwa kuwa ni rahisi, itayeyuka. Swichi kuu isizimwe wakati injini inanguruma, maana diodi za alteneta, yaani mtambo unaochaji betri, zinaweza kuungua. Hata hivyo, swichi haizuii betri kupungua yenyewe, jambo ambalo joto la Oktoba huliharakisha: ikishuka chini ya volti 12.4, ichajiwe.