Tangi la maji machafu la gari-nyumba likikataa kumwaga

Wageni wengi wanaoingia Uganda kwa gari-nyumba kupitia Malaba au Busia hufika karakana yetu hapa Jinja na lalamiko moja: tangi la maji ya sinki na bafu limejaa, koki imefunguliwa, na kinachotoka ni matone tu. Ninazungumzia tangi hilo pekee, si lile la choo, ambalo lina hatari zake na halifunguliwi kwa njia nitakayoieleza.

Kabla ya kushika spana, mimi hutaka kujua kizuizi kimekaa wapi, kwa sababu sehemu kubwa ya uharibifu ninaorekebisha ulitokana na nguvu iliyotumiwa mahali pasipohusika. Maji ya sinki yakipanda kwenye sakafu ya bafu, tangi limejaa au mdomo wake umeziba. Sinki ikikawia peke yake huku bafu likimeza maji vizuri, tangi halina kosa. Tazama kona ya bomba chini ya sinki. Maji yakitoka kwa kukatakata, huenda bomba la kupumulia, linaloingiza hewa tangini, ndilo lililoziba. Kuna na hili ambalo wengi hulisahau: mkono wa koki unaweza kuvutika bila shida ilhali waya wake umekatika, na lango la ndani halijasogea hata kidogo. Zima gari, weka vigingi kwenye magurudumu, ulale uvunguni na kumwomba mwenzako avute huku ukitazama kwa macho yako.

Safari moja nililetewa gari lililotoka Kabale, ambako wenyewe, mzee mmoja na mkewe, walikuwa wamekaa wiki mbili wakijipikia nyama na mchuzi wa karanga. Kabale iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wake hugandisha mafuta ya nyama upesi. Nilipofungua kifuniko cha nje na kupitisha kidole kwenye koki, nilikuta tonge la kijivu, laini kwa nje kama sabuni iliyolowa, gumu katikati, limesukwa kwa nywele na punje za wali. Nywele ndizo zilizokuwa zimeyashika mafuta yasipite.

Mama yule alinieleza kwamba fundi mmoja wa njiani alikuwa amewamwagia kostiki soda, nami nikashukuru kuwa nilikuwa nimevaa glovu na miwani. Ninaisihi kila karakana iache dawa hiyo kwa kazi hii. Ikichanganyika na maji hutoa joto kali linaloweza kulegeza plastiki, ikikutana na mafuta huyageuza sabuni inayoweza kuganda upya mbele zaidi, ikigusa alumini hutoa gesi ya hidrojeni inayowaka, na hatimaye humwagikia usoni mtu anayelala chini kufungua.

Kompresa ya kupulizia hewa nayo iwekwe mbali. Kuta za tangi hazikutengenezwa kuhimili shinikizo: kwenye ukuta wa nusu mita ya mraba, shinikizo la hewa la baa moja tu husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani tano. Tangi lisipopasuka, uchafu hupanda kupitia bafu hadi ndani ya chumba wanacholala watu.

Mimi hupunguza maji kwanza, nikiyanyonya kwa mpira kupitia kifuniko cha ukaguzi juu ya tangi na kuyatia katika ndoo. Kisha huingiza mpira mwembamba wa maji kutoka upande wa nje, koki ikiwa wazi, na kufungulia maji polepole ili tonge lirudi tangini lilikotoka, ambako naweza kulitoa kwa mkono. Likikaidi, natumia springi ya kusafishia mabomba yenye ncha butu. Waya wenye ncha kali hukata mpira wa koki, na hapo umejiongezea kazi ya pili. Baadaye natia lita ishirini za maji ya moto yasiyochemka, sabuni ya vyombo na vikombe viwili vya magadi ya kufulia, halafu naliendesha gari hadi Bujagali na kurudi. Matuta ya barabarani husukasuka maji hayo na kusugua kuta kuliko brashi yoyote ninayoweza kuingiza.

Maji yanayotoka yasimwagwe kwenye mfereji, kwani hapa kwetu mifereji huteremkia ziwani au Nile. Sisi huyapeleka kwenye tangi la maji taka la karakana, na mafuta yaliyoganda tunayafunga kwenye gazeti na kuyatupa pamoja na taka ngumu.

Mwisho natia maji safi, nafunga koki, natandaza katoni kavu chini yake na kuliacha gari lilale. Katoni ikiwa na doa asubuhi, mpira wa koki hubadilishwa kabla mwenye gari hajakabidhiwa ufunguo.