Je, wajua? Katuni husema kabla haijachorwa mdomo

Mpwa wangu ana miaka minne. Jumamosi moja, nyumbani kwao Mbagala, kipindi cha Akili and Me kilipokwisha alinigeukia: “Mjomba, Akili akimaliza kuongea anaenda wapi?”

Kipindi hicho kinatengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na Ubongo, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2013. Kipindi chake cha kwanza, Ubongo Kids, kilianza kuruka TBC1 Januari 2014. Akili ni mtoto wa kuchorwa. Sauti yake, hata hivyo, ina koo na mapafu, na ina mtu aliyesimama mbele ya maiki.

Wengi hudhani katuni huchorwa kwanza, kisha anatafutwa wa kuisemea. Kwa kawaida ni kinyume: sauti hutangulia, mchoro wa mdomo hufuata.

Simama mbele ya kioo useme “mambo vipi” polepole. M inafunga midomo, a inaifungua, mb inaifunga tena, o inaiviringa. Ukifika v, meno ya juu yanagusa mdomo wa chini. P inafunga upya. Mchoraji husikiliza sauti iliyorekodiwa, tena na tena, akipachika umbo la mdomo panapostahili. Televisheni yetu huonyesha picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo m ikichelewa picha chache tu, mtazamaji anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, hata kama hawezi kusema ni nini.

Wala si midomo peke yake. Mwigizaji akicheka mpaka pumzi ikamkatika, mchoraji anamtikisa mhusika mabega. Akisita kabla ya kujibu, macho ya katuni yanakwepa pembeni. Ndiyo maana nasema mtia sauti ni mwigizaji kamili, ingawa sura yake hatutaiona kamwe.

Na kazi yenyewe ni ya jasho, jasho la kweli. Maiki huzoa kila mvumo, hivyo feni inazimwa, hata kiyoyozi kikiwa na kelele. Fikiria joto la Februari la Dar ndani ya chumba kilichofungwa kila upande, na mtu mzima mle ndani anatakiwa ashangae kama mtoto aliyeona kipepeo kwa mara ya kwanza. Bajaji ikipiga honi nje na honi ikapenya, wanarudia. Sauti za wavulana, mara nyingi, hutiwa na wanawake: mvulana akibalehe sauti inavunjika, na mhusika anatakiwa abaki mdogo miaka yote.

Kipindi kikihamia lugha nyingine (Akili and Me imeshafika kwenye Kihausa na Kinyarwanda) mambo yanageuka. Mdomo umekwisha kuchorwa, sasa sauti ndiyo inayoufuata. Mfasiri anasaka maneno yenye urefu uleule, na akibahatika, yanayofunga midomo palepale.

Nilimjibu mpwa wangu kwamba sauti ya Akili ni ya mtu wa kweli, na akimaliza kazi anarudi kwao kama mama anavyorudi. Alinyamaza kidogo. Jumamosi iliyofuata hakukubali tuhamishe chaneli mpaka majina ya mwisho yapite. Hajui kusoma, basi nikamsomea niliyoyawahi: walioandika, waliochora, waliotia sauti, waliopiga muziki.

“Mjomba, hao wa sauti,” akasema, “wasome tena.”